Hispania kwa baiskeli: Jaén hadi Puente Genil juu ya reli ya zamani ya mafuta (jibu refu)

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mnatoka Hamburg, wewe na mkeo, siku tano, baiskeli za mjini zenye gia 8 za ndani ya habu, hamjawahi kusafiri na mizigo, mnataka mashamba na vijiji vya kale vya Hispania bila milima, na likizo yenu ni Agosti. Waliotangulia wamekutajia njia nyingi nzuri, ila hawajakuambia zinapokwamisha watu. Mimi nakupa njia moja tu, na yote unayotakiwa kuyajua kabla ya kuingia barabarani.

Njia ni Vía Verde del Aceite, kule Andalusia, kutoka Jaén hadi Puente Genil, kilomita 128. Vía verde maana yake njia ya kijani: reli iliyokufa, vyuma vikang'olewa, tuta likashindiliwa changarawe au kuwekwa lami kwa ajili ya waenda kwa miguu na baiskeli. Hispania ina zaidi ya kilomita 3,000 za njia za namna hii, na mradi wenyewe ulianza mwaka 1993. Aceite ni mafuta ya zeituni. Neno limetoka kwenye Kiarabu, az-zayt, na tunda wanaliita aceituna, kwa hiyo ukitamka "zeituni" mbele ya mzee wa Martos hatashindwa kukuelewa. Reli hii ilikamilika 1893, ikabeba mafuta na madini ya Linares kuelekea pwani ya Málaga, na ilifungwa 1985.

Nakupeleka kwenye reli kwa sababu ya mwinuko. Garimoshi la mvuke halikuweza kupanda mlima kama lori. Wahandisi walilazimika kukata vilima, kutoboa mahandaki na kuruka mabonde kwa madaraja ya chuma ili mwinuko ubaki asilimia 2, mara chache 3. Kwa mwendesha baiskeli mwenye mizigo maana yake ni kwamba unakanyaga kwa nguvu ileile saa nzima bila kushuka kusukuma.

Lakini shika hili kabla ya mengine yote: njia ni laini, vijiji si laini. Reli ilijengwa kwa ajili ya mizigo. Vijiji vilijengwa karne nyingi kabla yake, juu ya miamba, chini ya ngome, kwa sababu hii nchi ilikuwa mpaka wa vita kati ya Granada ya Waislamu na Castilla ya Wakristo. Kwa hiyo stesheni nyingi ziko chini na kijiji kiko juu. Watu wanapiga hesabu ya kilomita 50 za tambarare, wanafika wamechoka saa nane mchana, kisha wanakutana na kilomita moja au mbili za kupanda ukuta ndipo wafike kitandani. Alcaudete ni hivyo. Zuheros ni hivyo zaidi. Unapopanga siku yako, hesabu kupanda kijijini kama sehemu ya safari, na ubakize nguvu zake.

Kuhusu Agosti: usiende. Nasema bila kuzunguka. Bonde la mto Guadalquivir na pembezoni mwake linapita nyuzi 40 Julai na Agosti, na mzeituni hautoi kivuli cha kumfunika mtu. Mti ni mfupi, umepandwa kwa mistari, na njia inapita katikati ya mistari, si chini ya matawi. Nenda katikati ya Machi hadi Mei, au mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba. Kuanzia Novemba mavuno yanaanza, matrekta yanakatiza njia mchana kutwa na matope yake yanabaki juu ya changarawe. Kama mwajiri hana huruma na ni Agosti tu, achana na Andalusia, nenda kaskazini kwenye reli ya zamani ya Vasco-Navarro, iliyofungwa 1967, upande wa Vitoria na Estella. Huko kuna misitu na joto linavumilika. Ila ujue kwamba handaki kubwa la Laminoria limefungwa na utalizunguka kwa kupanda mlima wa kweli.

Mwelekeo: anzia Jaén, malizia Puente Genil. Jaén iko juu zaidi, kwa hiyo kwa ujumla unashuka. Si kushuka moja kwa moja. Unapanda polepole hadi Martos, unashuka hadi mto Guadajoz, unapanda tena hadi maeneo ya Luque na Zuheros, kisha kuanzia Doña Mencía kwenda Cabra na Lucena unalipwa jasho lako. Upepo ukitoka magharibi utakuwa wa mbele, na kwenye madaraja marefu unasikika vibaya ukiwa na mifuko ya pembeni. Tazama utabiri, na siku ya upepo mkali ondoka alfajiri.

Siku ya kwanza ni Jaén hadi Martos, kama kilomita 25. Ni fupi kwa makusudi, kwa sababu siku ya kwanza ndiyo boliti zinalegea, kiti kinaonekana kiko chini, na mfuko unagonga kisigino. Njia inaanzia upande wa viwanja vya michezo vya Las Fuentezuelas, magharibi mwa mji. Kabla ya kutoka, asubuhi ile au jioni ya kufika, ingieni kanisa kuu la Jaén, kazi ya msanifu majengo Andrés de Vandelvira, na hamamu za Kiarabu za karne ya 11 zilizo chini ya jumba la Villardompardo. Baada ya hapo ni Torredelcampo, ambapo kuna handaki lenye urefu wa zaidi ya mita 300. Washa taa zako mwenyewe kabla ya kuingia, hata kama unaona taa za ndani, maana macho yaliyotoka kwenye jua kali hayaoni kitu kwa sekunde kadhaa na anayekuja upande wa pili naye hakuoni. Vua miwani ya jua. Kisha Torredonjimeno, kisha Martos, chini ya mwamba wake, Peña de Martos, wenye kimo cha mita 1,003. Inasimuliwa kwamba mwaka 1312 mfalme Fernando IV aliamuru ndugu wawili wa ukoo wa Carvajal watupwe kutoka juu ya mwamba huo. Wakamwita mbele ya hukumu ya Mungu ndani ya siku 30, naye akafa. Mpaka leo Wahispania wanamwita el Emplazado, aliyeitwa shaurini.

Siku ya pili ndiyo ya kuangaliwa. Martos hadi Zuheros ni kama kilomita 50, na huu ndio upande mkavu wa njia: kati ya Martos na Alcaudete, na tena kati ya Alcaudete na Luque, usitegemee duka wala bomba. Beba lita 2 za maji kila mmoja wakati wa masika yao, lita 3 Septemba. Ukiona bomba limeandikwa "agua no potable" hayo si ya kunywa, hata kama ng'ombe anayanywa. Mkiona kilomita 50 ni nyingi, laleni Alcaudete chini ya ngome iliyoshikwa na wapiganaji watawa wa Calatrava, mkikumbuka niliyosema kuhusu kupanda. Baada ya hapo mnafika daraja la mto Guadajoz, la chuma, zaidi ya mita 200, mpaka wa mkoa wa Jaén na Córdoba. Ukikuta mbao kwenye sakafu ya daraja lolote na kuna umande, usikate kona na usishike breki ya mbele kwa nguvu. Mbao iliyolowa inateleza kama sabuni. Mbele kidogo kuna Laguna del Salobral, ziwa la chumvi ambalo kiangazi hukauka likabaki jeupe. Stesheni ya zamani ya Luque ni mahali pa kupumzika.

Zuheros ni kijiji cheupe kilichobandikwa kwenye jiwe, ngome juu ya kisiki cha mwamba, nyumba zimejibana nyuma yake. Kutoka njiani hadi kijijini sukumeni, si aibu. Kwa gia zenu mtaumiza magoti bure. Fikeni mapema, kwa sababu jioni pale, jua likigeuka kwenye chokaa, ndiyo sababu ya safari nzima. Jibini ya mbuzi ya hapo inunuliwe. Juu zaidi kuna Cueva de los Murciélagos, pango la popo, lenye mabaki ya watu wa enzi za mawe. Ziara ni kwa kiongozi na nafasi inawekwa mapema, na barabara ya kufika ni ya kupanda kilomita kadhaa, kwa hiyo acheni mizigo hotelini. Watu wanalichanganya na pango la jina hilohilo lililoko Albuñol, mkoa wa Granada, lile lililotoa ndara za ukili za kale. Hayo ni mapango mawili tofauti.

Siku ya tatu, Zuheros hadi Lucena, kama kilomita 30, ni tamu kuliko zote: madaraja, makorongo ya mawe ya chokaa, kisha Cabra ambako stesheni ina kichwa cha treni na makumbusho madogo ya reli hii. Lucena msiipite hivihivi. Karne ya 11 ulikuwa mji wa Wayahudi, Eliossana, na mwanazuoni Isaac Alfasi alifundisha hapo. Makaburi yao yaligunduliwa barabara ya mzunguko ilipokuwa inajengwa. Katika ngome ya mjini ndimo alimofungwa Boabdil, sultani wa mwisho wa Granada, baada ya kukamatwa vitani 1483. Siku ya nne, Lucena hadi Puente Genil, ni kama kilomita 28 za mashamba ya zeituni na mizabibu, nyepesi, na siku ya tano inabaki ya akiba.

Sasa baiskeli. Hizo zenu zinatosha, ila zirekebisheni. Gia 8 za ndani ya habu zina upana wa kutosha kwa reli, lakini kwa mizigo ni nzito mno kukanyaga. Mwambie fundi abadilishe meno ya nyuma kutoka 19 (yahesabu kwanza) kwenda 22. Gia zote zinashuka kama asilimia 14, na mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa pingili. Tairi ziwe milimita 38 hadi 42, zenye utepe wa kuzuia miiba. Kwa mtu wa kilo 75 na mzigo wa kilo 12 nyuma, jaza upepo wa baa 3.5 nyuma na 3 mbele. Ukijaza zaidi utapigwa na changarawe mikononi, ukipunguza sana rimu itabana tyubu kwenye ukingo wa zege kwenye makutano. Mzigo usizidi kilo 12 kwa mtu. Mikoba miwili ya pembeni kwenye keria ya nyuma, kizito chini na karibu na mwili wa baiskeli, chepesi juu. Boliti za keria zitiwe gundi ya nyuzi za boliti, na kila jioni zipitie kwa spana ya pembe sita. Boliti ya keria ikidondoka, keria inaegemea upande mmoja, inakata iliyobaki, na mfuko unaingia kwenye spoku. Ni kifaa cha senti kinachomaliza safari.

Kwenye kila makutano na barabara kuna nguzo za kuzuia magari. Pita katikati, punguza mwendo, kumbuka kwamba upana wako sasa ni mifuko, si usukani. Na kwenye makutano hayo wewe ndiye unayesubiri, trekta linapita.

Pancha. Huku adui ni mmea unaoujua: mbigiri. Ni uleule, unaotambaa chini na maua madogo ya njano, na mbegu ngumu zenye pembe ambazo zikianguka daima pembe moja inatazama juu. Wao wanauita abrojo. Unakauka kuanzia kiangazi hadi Oktoba, na unakaa pembeni mwa njia, si katikati. Kwa hiyo mkisimama kupumzika msivute baiskeli kwenye nyasi. Simameni palepale penye lami au changarawe safi.

Mbigiri ikiingia, mara nyingi haijaingia moja, zimeingia tano. Gurudumu la nyuma lenye gia za ndani linasumbua kutoa, kwa hiyo usilitoe. Geuza baiskeli, zungusha gurudumu taratibu, tafuta vichwa vya miba vyote na uvitie alama kwa kalamu kabla ya kung'oa hata kimoja. Vua upande mmoja wa tairi kwa vijiti viwili, vuta nje kipande cha tyubu penye alama, jaza upepo kidogo, sogeza karibu na mdomo. Mdomo unahisi upepo kuliko kidole. Kwangua kwa msasa hadi weusi uwe hafifu, paka gundi nyembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, subiri hadi isigandie kidole, dakika kama tano. Wengi wanabandika gundi ikiwa mbichi, kiraka kinachomoka kwenye joto la mchana na wanalaumu kiraka. Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima. Kikinasa, kuna ncha imebaki. Usitumie kidole. Bebeni tyubu mbili za akiba, viraka 12, gundi mpya maana mrija uliowahi kufunguliwa hukauka, spana ya 15 kama magurudumu yenu yana nati, na pampu inayoshika valvu yenu kweli. Dawa ya kuziba ndani ya tyubu, mililita 60 hivi kila gurudumu, inapunguza kero hii sana.

Tope. Tuta la reli lenyewe linamwaga maji vizuri, lakini ukichepuka kwenye njia za mashambani baada ya mvua, udongo wa mfinyanzi unajaza kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Ukiendelea kukanyaga unapinda vyuma vya madigadi. Shuka, toa kwa kijiti, rudi kwenye njia kuu.

Chakula kina saa zake, na saa hizo hazibembelezwi. Mchana ni saa nane hadi saa kumi, jikoni inafungwa, usiku inafunguliwa saa tatu au karibu na hapo. Maduka mengi ya vijijini yanafungwa saa nane hadi saa kumi na moja, na Jumapili yote. Nunueni mkate, matunda na maji ya Jumapili siku ya Jumamosi. Chakula cha mchana cha bei moja, menú del día, ni kama euro 12 hadi 15. Kama hamli nguruwe, kuweni macho: nyama hiyo inaingia kwenye dengu, kwenye mboga, na juu ya salmorejo, ile supu nzito baridi ya nyanya na mkate. Semeni "sin jamón, sin cerdo" kabla ya kuagiza. Mayai, samaki, tortilla ya viazi, na asubuhi mkate wa kubanika wenye nyanya na mafuta mabichi vinawatosha. Mafuta ya upande wa Jaén ni ya aina ya zeituni iitwayo picual, yana uchungu na yanawasha kooni. Yasikutie shaka, ndivyo yalivyo yakiwa mapya.

Malazi yanajaa Semana Santa, wiki ya kabla ya Pasaka yao, na siku za sherehe za kila mji. Mkiandika kuomba nafasi, ulizeni kabisa kama baiskeli zinalala ndani. Pokeeni pia hili: hoteli zinalazimika kuandikisha wageni, kwa hiyo pasi ya kusafiria halisi pamoja na kibali cha kuishi Ujerumani vibebwe, picha kwenye simu haitoshi. Nje ya mji helmeti ni lazima hata kwa mtu mzima, na usiku au kwenye handaki uwe na taa na vazi la kuakisi linaloonekana mita 150. Gari likikupita linatakiwa liache mita 1.5. Dharura ni 112.

Usafiri. Kufika Jaén chukueni treni za masafa ya kati, Media Distancia, kutoka Córdoba au Madrid. Zinabeba baiskeli nzima lakini nafasi ni chache, na nafasi ya baiskeli ichukuliwe pamoja na tiketi. Shida iko mwisho: stesheni ya Puente Genil-Herrera ni ya treni za kasi, iko nje ya mji, na AVE inataka baiskeli iliyofunguliwa ndani ya mfuko usiozidi sentimita 120 kwa 90 kwa 40. Baiskeli ya mjini yenye madigadi na keria haiingii humo bila kazi. Mna njia mbili za kukwepa. Ya kwanza ni kupatana mapema na taksi kubwa iwarudishe Jaén. Ya pili ni kugeuzia Lucena na kurudi kwa njia ileile ndani ya siku tano, ambayo si hasara, maana korongo la Zuheros ukilitazama kutoka upande wa pili ni jingine. Na kama mnaona kusafirisha baiskeli kutoka Hamburg ni mzigo, stesheni ya zamani ya Doña Mencía inakodisha. Mnaweza kulala hapo au Zuheros na kutoka kila siku upande tofauti bila mikoba.

Mkiamua kufungua kwa ajili ya mfuko, piga picha kwanza jinsi waya wa gia unavyokaa kwenye habu ya nyuma, weka gia kwenye namba ambayo fundi wako anaitumia kupima, legeza waya ndipo utoe gurudumu. Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume: spana inazungushwa kuelekea mwendo wa saa. Anayeisahau hii huikaza kwa nguvu zake zote, hadi anaharibu nyuzi za mkono wa pedeli, na saa ya treni inamkuta amepiga magoti sakafuni. Legezeni pedeli zote mbili mkiwa bado Hamburg, zipakeni grisi, kisha mzirudishe kwa kukaza wastani tu.